Mpira wa mkojo angani na baharini: dalili, chanzo na la kufanya

Wengi wanaosafiri na mpira wa mkojo (katheta, yaani mpira mwembamba unaoingizwa kibofuni kutoa mkojo) huogopa jambo lisilotokea: kwamba ndege ikipaa, puto lililo ndani ya kibofu litapasuka. Halipasuki. Puto la katheta hujazwa maji yaliyotakaswa, si hewa, na maji hayatanuki kwa sababu tu shinikizo la hewa limepungua. Kinachoharibu safari ni mambo ya kawaida kabisa: mrija uliojikunja chini ya paja, mfuko uliojaa wakati taa ya mkanda inawaka, choo kilichofunga siku tatu, begi la vifaa lililokwenda mji mwingine.

Kwa hiyo tatizo likitokea, fuata njia ya mkojo kinyumenyume. Anza na mfuko, panda kwenye mrija, kisha mpira wenyewe, halafu tumbo. Mara nyingi utapata jibu kabla hujafika juu.

Ila kuna dalili ambazo hazikupi muda wa kukagua kitu.

Dalili zisizongoja

Homa yenye kutetemeka, maumivu ya ubavuni chini ya mbavu, kuchanganyikiwa ghafla, kupumua harakaharaka. Huenda maambukizi yamekwisha kutoka kibofuni yakaingia kwenye figo au damu. Mwambie mhudumu wa ndege, au piga simu kliniki ya meli, saa hiyohiyo. Usimeze antibiotiki ulizobeba kisha ukangoja asubuhi uone.

Walioumia uti wa mgongo, hasa kuanzia pingili ya sita ya kifua kwenda juu, wana hatari yao ya pekee. Kibofu kikijaa bila pa kutokea, shinikizo la damu hupanda ghafla: kichwa kinagonga, uso unawaka, jasho linatoka sehemu iliyo juu ya jeraha, vinyweleo vinasimama, pua inaziba. Hali hii huitwa disrefleksia otonomiki, na isipotatuliwa inaweza kuleta kiharusi. Kaa wima, usilale. Shusha miguu. Legeza mkanda, soksi za kubana na kamba za mfuko. Kagua kama mrija umejikunja, umwage mfuko. Kama bado hakuna kinachotoka, mpira unatakiwa kubadilishwa mara moja na mtu anayeijua kazi hiyo. Usitegemee kwamba wahudumu wa ndege wamewahi kuisikia hali hii. Kadi yenye maelezo yake ikae mfukoni mwa shati, si ndani ya begi lililopandishwa juu ya vichwa vya watu.

Dharura nyingine ni kibofu kilichojaa na kuuma huku mkojo hautoki hata baada ya ukaguzi ulioelezwa hapa chini.

Mkojo hautiririki

Kwanza hakikisha kwamba kweli umesimama. Mtu mzima hutoa kama lita 1.5 hadi 2 kwa siku, yaani mililita 60 hadi 80 kwa saa. Hewa ya ndani ya ndege ni kavu, unyevu wake mara nyingi haufiki asilimia 20, na wasafiri wengi hujinyima maji makusudi ili wasisumbuke na choo. Ukiona mkojo mchache wenye rangi nzito, bila maumivu wala tumbo kujaa, huenda hakuna kilichoziba. Ni kiu tu. Kunywa maji kidogokidogo, utazame tena baada ya saa moja au mbili. (Aliyewekewa kiwango cha maji na daktari kwa sababu ya moyo au figo afuate kiwango hicho.) Kwangu mimi, hakuna kosa baya kwenye safari hizi kuliko kujinyima maji, kwa sababu mkojo mzito huacha mashapo, na mashapo huja kuziba mpira siku chache baadaye, pengine meli ikiwa katikati ya bahari.

Sasa kagua, kuanzia chini.

Mfuko umejaa? Mfuko wa mguuni wa mililita 500 hutakiwa kumwagwa ukifika nusu hadi theluthi mbili, na kwa mtu anayekunywa maji vizuri hiyo ni kila baada ya saa nne au tano hivi. Ukijaa pomoni haupokei tena, na uzito wake unavuta mpira. Kisha tazama kimo chake. Mfuko lazima uwe chini ya kibofu. Viti vya daraja la juu vinavyolala kabisa kama kitanda vina mtego ambao watu hawautarajii: ukilala, mguu na kibofu vinakuwa usawa mmoja, na mkojo unabaki palepale. Kwa usingizi wa namna hiyo ama inua mgongo wa kiti kidogo, ama unganisha mfuko mkubwa unaoning'inia chini ya kiti.

Na ukiunganisha mfuko wa usiku na ule wa mguuni, je, koki ya mfuko wa mguuni umeifungua? Hili hutokea zaidi usiku wa kwanza melini, mtu akiwa amechoka: mifuko imeunganishwa vizuri, koki ya kati imefungwa, na saa nane usiku anaamka na maumivu. Vivyo hivyo kibanio cha mrija kilichobanwa wakati wa kubadilisha mfuko kikasahauliwa.

Mrija. Mkanda wa kiti, mshono wa suruali, nguo ya ndani inayobana, kalio lenyewe. Kuketi saa sita kunaukunja mrija kuliko kulala saa sita. Simama, pitisha vidole kuanzia pajani hadi mfukoni, nyoosha. Kama mrija umenyooka na bado kuko kavu, huenda ukuta wa kibofu umenyonywa na matundu ya mpira, jambo linaloweza kutokea mfuko ukining'inia mbali sana chini. Inua mfuko hadi usawa wa kibofu kwa sekunde chache tu, kisha ushushe. Wakati mwingine mkojo huachia hapohapo.

Mpira wenyewe. Uviringishe taratibu kati ya vidole karibu na unapotokea mwilini. Ukihisi chembechembe kama mchanga, ni chumvi zilizoganda. Bakteria wa aina ya Proteus mirabilis huvunja urea, mkojo unakosa uasidi, na madini yanaganda kama gamba ndani ya mpira. Baadhi ya watu wana tabia hii ya mpira kuziba mapema kila mara, nao wanajijua. Ikiwa mpira wako huziba kwenye wiki ya tatu, usipande meli siku ya 19. Ubadilishwe kama wiki moja kabla ya safari: si siku ya mwisho, ili kama kuna kasoro ionekane ukiwa bado nyumbani, na si mapema sana hata zamu yake ikuangukie baharini. Kuosha mpira kwa bomba la sindano ni kwa yule aliyefundishwa na kubeba vifaa vilivyotakaswa. Asiyefundishwa asianzie mafunzo kwenye choo cha ndege.

Tumbo, mwisho. Utumbo uliojaa kinyesi kigumu huegemea kibofu na kuubana mpira. Safari hufunga choo: chakula kigeni, kuketi, aibu ya vyoo vya watu. Kama hujapata choo siku mbili au tatu, mtuhumiwa ndiye huyo, na dawa ya kulainisha choo uliyozoea ingefaa kuanzwa siku ya kwanza, si ya nne.

Umekagua yote, bado hautoki na tumbo linajaa? Angani, mwombe mhudumu atangaze kama kuna daktari au muuguzi ndani. Mashirika mengi pia huwasiliana na madaktari walio ardhini. Orodha ya vifaa vya dharura vya kidaktari inayopendekezwa na ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ina katheta ya mkojo, lakini usiitegemee: si kila ndege huibeba, na saizi yake huenda isiwe yako. Beba ya kwako.

Mkojo unapita pembeni ya mpira

Nguo zimelowa, mfuko mtupu: hiyo ni kuziba. Rudi sehemu iliyotangulia. Nguo zimelowa na mfuko unaendelea kupokea: mara nyingi kibofu kinakaza ghafla na kuusukuma mkojo pembeni. Huchochewa na mpira unaovutwa, choo kilichofunga, maambukizi, au puto lenyewe kukikera kibofu.

Kuvutwa ndiko rahisi kurekebisha. Mpira ufungwe pajani kwa mkanda wake au bandiko la kuushikilia, ukiachwa na ulegevu kidogo ili ukipanda ngazi usikazike. Mfuko mzito umwagwe. Asiyekuwa na mkanda huo ataujua umuhimu wake akianza kuvuta masanduku kwenye korido ndefu za uwanja wa ndege.

Usikubali wazo la kuweka mpira mnene zaidi au kuongeza maji kwenye puto ili “kuziba” uvujaji. Kikubwa zaidi hukikera kibofu zaidi, na uvujaji unaweza kuongezeka. Zipo dawa za kutuliza kibofu, kama oksibutinini, lakini zianzwe na daktari wako kabla ya safari, ili madhara yake uyajue ukiwa karibu na kitanda chako.

Mfuko umefura angani

Hili linashangaza lakini halina madhara makubwa. Shinikizo ndani ya ndege iliyo angani huwa kama la mlima wenye urefu wa mita 1,800 hadi 2,400, na hewa yoyote iliyofungiwa hutanuka, hadi karibu theluthi moja zaidi. Chupa ya maji iliyofunguliwa na kufungwa huko juu hurudi ardhini imebonyea kwa sababu hiyohiyo. Kwa mfuko wa mkojo, hewa uliyoiacha ndani wakati wa kuumwaga ndiyo inayofura, kamba zinabana, na chini ya suruali panaonekana uvimbe. Mifuko mingi ina kizuizi kinachokataza mkojo kurudi kibofuni, kwa hiyo usiogope kwamba utasukumwa juu. Ingia chooni, fungua koki, toa hewa pamoja na mkojo. Safari ijayo, kabla ya kupanda ndege mwaga mfuko wote, kamua hewa iliyobaki kwa kiganja, ndipo ufunge koki.

Skana imeonyesha kitu mguuni

Itaonyesha. Mfuko juu ya paja au shavu la mguu huonekana kwenye skana kama kitu kisichojulikana, na ofisa atataka kuhakikisha. Ugomvi huanza pale ofisa anapogundua kabla hujamwambia. Mwambie wewe kwanza, kwa sauti ya chini, mkono ukiwa na kadi au barua ya daktari. Una haki ya kuomba chumba cha faragha na kuingia na mwenzako. Nchini Marekani ofisa anaweza kukuomba uuguse mfuko mwenyewe juu ya nguo, kisha anapitisha kitambaa mikononi mwako kupima mabaki ya vilipuzi. Kuvua mfuko au kuuchomoa kwenye mpira si sehemu ya ukaguzi. Ukiombwa hivyo, mwite msimamizi.

Pita hapo mfuko ukiwa mtupu. Maji yaliyotakaswa na jeli ya kulainisha mara nyingi huwa katika vichupa vilivyo chini ya mililita 100. Vikizidi, vya matibabu huruhusiwa ukivitangaza na kuvitenga na vingine. Mabomba ya sindano yasiyo na sindano huuliziwa maswali kuliko yanavyozuiwa, na barua ya daktari humaliza maswali hayo. Utepe wa kijani wenye picha za alizeti, ulioanzia uwanja wa Gatwick, London, mwaka 2016, sasa unatambulika kwenye viwanja vingi: unamwambia mfanyakazi kwamba una hali isiyoonekana kwa macho, bila wewe kueleza mbele ya foleni.

Begi la vifaa halikufika

Kinga yake inajulikana na bado watu hawaifanyi: vifaa vyote vya siku za mwanzo viwe begi la mkononi, vilivyobaki vigawanywe mabegi mawili, na jumla iwe mara mbili ya unavyohitaji. Kwa safari zinazofuata sheria za Marekani, vifaa vya matibabu havihesabiwi kwenye idadi ya mizigo ya mkononi. Kwingineko mashirika mengi hukubali begi la ziada la vifaa vya matibabu bila malipo, mradi umeomba mapema. Msaada wa kiwanjani Ulaya nao huombwa angalau saa 48 kabla.

Kama begi limekwishapotea, swali la duka la dawa litakuwa: saizi gani? Jibu liko mwilini mwako. Pembeni mwa mpira, kwenye tawi la kujazia maji, pameandikwa namba na herufi Fr au Ch pamoja na ujazo wa puto kwa mililita. Namba hiyo ya Fr au Ch ikigawanywa kwa tatu inakupa kipenyo kwa milimita, na inatumika dunia nzima. Rangi za tawi hilo pia ni lugha ya kimataifa: 12 nyeupe, 14 kijani, 16 chungwa, 18 nyekundu, 20 manjano. Piga picha kabla ya safari. Waeleze pia kama una mzio wa lateksi. Na wanaume wasipokee kamwe mpira mfupi uliotengenezwa kwa ajili ya wanawake: puto litajazwa likiwa bado kwenye njia ya mkojo na litaichana.

Rangi na harufu

Mkojo wenye ukungu au harufu kali peke yake si ugonjwa. Kila siku mpira unapokaa, uwezekano wa bakteria kuingia kwenye mkojo huongezeka kwa asilimia 3 hadi 7, kwa hiyo baada ya mwezi karibu kila mtu anao. Ndiyo maana kipimo cha kijiti kikisema “kuna bakteria” hakijasema jipya. Bila homa, baridi, maumivu au kuchanganyikiwa, dawa yake kwa kawaida ni maji, si antibiotiki. Nasisitiza hili kwa sababu antibiotiki zisizo na sababu huleta kuhara, na kuhara melini ni mkasa mwingine.

Mfuko umegeuka zambarau? Inatisha, lakini rangi yenyewe haidhuru. Bakteria fulani hutengeneza rangi ya buluu na nyekundu ambazo huchanganyika kwenye plastiki, hasa kwa mtu aliyefunga choo. Badilisha mfuko, shughulikia choo, mwambie daktari wako ukirudi; ukiwa na homa, usingoje kurudi.

Waridi hafifu baada ya siku ya kutembea sana au mpira kuvutwa mara nyingi hutulia kwa kupumzika na maji. Wekundu mzito au mabonge ya damu ni jambo jingine, kwani mabonge huziba, na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asikawie kutafuta daktari.

Mguu umevimba, ngozi imechubuka

Kamba za mfuko zilizokuwa sawa asubuhi hubana jioni, kwa sababu miguu huvimba angani. Zilegeze kila unapomwaga. Soksi za kubana za safari zivaliwe kwanza, mfuko ufungwe juu yake, na uhamishwe mguu kila siku. Lakini uvimbe wa mguu mmoja tu, wenye joto na maumivu ya shavu la mguu, unaweza kuwa damu iliyoganda mshipani. Usiukande. Upelekwe kwa daktari siku hiyohiyo, na ukija na kubanwa pumzi ni dharura.

Melini

Kitanda cha meli mara nyingi hakina pa kutundika mfuko wa usiku. Kuta za vyumba vingi ni za chuma, na wazoefu hubeba ndoano za sumaku. Sawa, ila ndoano iwe chini ya godoro, si pale macho yanapoipenda. Kama hakuna njia, mfuko ukae ndani ya beseni safi sakafuni. Bahari ikichafuka beseni litateleza, kwa hiyo libane kati ya kitanda na ukuta, na mrija uwe na urefu wa kutosha kukuruhusu kugeuka.

Dawa za kichefuchefu cha bahari zinastahili tahadhari kuliko zinavyopewa. Skopolamini, ile ya bandiko nyuma ya sikio, na vidonge vingi vya kundi la antihistamini (dawa za mzio) hukausha kinywa na kufunga choo. Oksibutinini inafanya hivyohivyo. Ukizitumia pamoja, hasa ukiwa mzee, unaweza kupata kinywa kikavu, choo kilichofunga, mpira unaovuja kwa sababu ya choo hicho, na akili iliyovurugika, ambayo watu watadhani ni maambukizi. Aliyetolewa mpira hivi karibuni yuko hatarini zaidi: dawa hizo zinaweza kukizuia kibofu chake kujikamua, na mkojo ukakwama. Uliza mfamasia kabla ya kuondoka, ukiwa na orodha kamili ya dawa zako.

Kuhara na kutapika melini mara nyingi huletwa na norovirusi. Jeli ya kileo ya mikono haiiui vizuri, kwa hiyo nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka kabla na baada ya kugusa koki ya mfuko. Ukianza kuhara, safisha eneo la mpira kuanzia mbele kwenda nyuma kila mara, na fuatilia wingi wa mkojo. Ukipungua sana huku kinywa kimekauka, kliniki wanaweza kukuwekea maji ya mshipani.

Choo cha meli hunyonya kwa ombwe kupitia mabomba membamba. Kitambaa kimoja chenye unyevu au glovu moja inaweza kuvifunga vyoo vya vyumba kadhaa, na wataujua chumba chako. Mwaga mkojo tu chooni. Mifuko iliyotumika ni plastiki, na mkataba wa kimataifa wa MARPOL unakataza meli kutupa plastiki baharini. Mwombe mhudumu wa chumba mfuko wa taka za kitabibu siku ya kwanza, hatashangaa.

Kuogelea? Kwa mpira wa muda mrefu uliotulia, mara nyingi inawezekana, kwa kifungio au mfuko mdogo mtupu uliofungwa vizuri, lakini kila meli ina kanuni zake za bwawa na ni haki kuuliza kwanza. Mpira wa tumboni (unaopita kwenye tundu la ngozi chini ya kitovu) uliowekwa karibuni usiguse maji ya bwawa hadi kidonda kipone. Dimbwi la maji moto ningeliacha kabisa.

Siku ya kushuka bandarini, mwaga mfuko kabla ya kupanda boti ndogo ya kuwapeleka abiria ufukweni, kwani foleni zake ni ndefu na basi la matembezi huenda lisiwe na choo. Beba mfuko mmoja wa akiba na maji ya kunywa.

Kuhusu kliniki ya meli: meli kubwa huwa na daktari na wauguzi, ila si hospitali, bili huandikwa kwenye akaunti yako ya chumba, na huenda wasiwe na saizi yako. Meli nyingi za mitoni hazina daktari kabisa. Bima ya safari iwe imetajiwa mpira na ugonjwa ulioufanya uwekwe. Bima iliyonunuliwa kwa kuficha hali huweza kukataliwa siku unapobebwa kwa helikopta.

Mpira umetoka

Kama ni wa tumboni, saa inakimbia. Njia yake kwenye ngozi huanza kujifunga upesi, hata ndani ya saa moja, hasa ikiwa ni mpya. Funika tundu kwa shashi safi na utafute mtu wa kurudisha mpira mara moja. Aliyefundishwa kujiwekea afanye hivyo bila kungoja. Ndiyo sababu mpira wa akiba, maji ya kujazia puto, jeli na glovu vinakaa begi la mkononi.

Wa njia ya kawaida una nafuu kidogo, ila usingoje hadi tumbo liume. Tazama puto: kama limetoka likiwa bado limejaa, huenda limejeruhi njia, na damu isiyokoma inahitaji daktari. Kama limenywea au limepasuka, uhifadhi mpira huo umwonyeshe daktari, akague kama kuna kipande kilichobaki ndani. Usiurudishe uliotoka.

Wanaoingiza na kutoa

Hawa, wanaoingiza katheta kila wanapohitaji kutoa mkojo kisha kuiondoa, hawana mfuko wa kuziba. Tatizo lao ni muda na usafi. Taa ya mkanda ikiwaka huwezi kwenda chooni, kwa hiyo nenda kabla ndege haijaanza kushuka hata kama kibofu hakijajaa, na omba kiti cha kando ya korido karibu na choo. Asiyeweza kusimama aulize mapema kuhusu kiti chembamba cha magurudumu cha ndani ya ndege, na kuhusu ndege yenye choo chenye nafasi. Maji ya bomba la choo cha ndege usiyatumie kulowesha katheta. Chukua zile zilizolainishwa tayari, zenye mkono wa plastiki unaokuwezesha kuingiza bila kuigusa. Panga kila seti kwenye mfuko wake mdogo: katheta, kitambaa cha kusafishia, glovu, mfuko wa takataka. Rafu ya choo hicho ni ndogo, na kilichoanguka sakafuni hakitumiki tena.

Ukivuka kanda za saa, hesabu saa zilizopita tangu ulipotoa mkojo mara ya mwisho, usifuate saa ya ukutani. Kibofu hakijui kwamba kumekucha.